Vali ya gololi, pete ya kukatika au foili: kifuniko kipi kwa chupa ipi

Mtu akiniuliza kifuniko kipi ni kizuri, mimi humuuliza anamwogopa nani. Chupa ikishatoka mikononi mwako ina maadui wawili wasiofanana. Wa kwanza amekaa kaunta ya grosari: amefungua mzinga halali, ameuza toti kadhaa, na usiku macho ya wateja yakishakuwa mazito anaujaza tena kwa kitu cha bei ya chini. Chupa ile ile, lebo ile ile, na anayekunywa analipia kinywaji ambacho hakimo. Wa pili humwoni kabisa. Yuko uani kwake, kanunua chupa tupu kwa wakusanyaji, kaziosha, kazijaza anachokijua mwenyewe, kazifunga upya na kuziingiza dukani kama mzigo mpya.

Vifuniko karibu vyote vinavyouzwa leo vimebuniwa kwa ajili ya mmoja wa hawa wawili. Ukinunua cha mmoja ukidhani umemzuia na mwenzake, umetupa hela.

Nauza vifungashio hapa Mbeya, kwa hiyo nisomeni mkilijua hilo: nina faida kwenye kila kitu nitakachokitaja. Ila mteja niliyemuuzia kisichomfaa harudi, na huwaambia wenzake, na Mwanjelwa si kubwa kiasi hicho.

Bia na soda naziweka pembeni tangu mwanzo. Biashara ya chupa zake za kioo imesimama juu ya chupa kurudi kwenye kreti, kuoshwa na kujazwa tena na mwenye kiwanda. Kizibo chake cha bati, kilichosajiliwa na William Painter huko Marekani mwaka 1892, leo kina meno 21, na kazi yake ni kushika gesi na kutupwa. Ukiweka vali kwenye chupa ya kreti umeifanya isiweze kuoshwa wala kujazwa na yeyote, hata wewe. Ninaowaandikia ni wa pombe kali, mvinyo wa matunda, asali, mafuta ya kula na maji.

Vali ya gololi

Chukua chupa ya whisky iliyokwisha, ile yenye kimdomo cha plastiki kisichochomoka, uitikise karibu na sikio. Kinachogonga humo ndani ni gololi, ya kioo au ya plastiki nzito. Chini yake kuna kizibo kidogo chepesi kinachokalia tundu lililo katikati ya kidude chote. Chupa ikisimama, uzito wa gololi unakikandamiza kizibo kwenye kiti chake na tundu linafungika. Ukiiinamisha, gololi inabingirika kuelekea mdomoni, kizibo kinaachia, kinywaji kinapita pembeni mwake na kutoka, huku hewa ikiingia kwa njia yake nyembamba kuchukua nafasi ya kilichotoka. Ndiyo maana chupa hizi hutoa ule mlio wa glu-glu, na ndiyo maana wakati mwingine hugoma kidogo kabla ya kuanza. Ukiisimamisha, gololi inarudi pake kabla hujaiweka mezani.

Sasa chukua faneli ujaribu kumimina maji ndani. Yatajaa kwenye kimdomo, yatatulia hapo, kisha yatafurika mkononi mwako. Kadiri unavyoongeza ndivyo uzito wa maji unavyozidi kukibana kizibo. Hapo ndipo ninapokipendea kifaa hiki: hakina spiringi ya kuchoka wala mpira wa kuoza, kinategemea uzito wa gololi tu. Na aliyekibuni alijua kwamba mwizi atakuja na waya. Juu ya gololi kuna kingao chenye njia za pembeni pekee, hivyo waya unalazimika kupinda kabla ya kufika kwenye kizibo, na ukipindapinda unaacha mikwaruzo kwenye plastiki. Kidude chenyewe kina meno yanayong'ata shingo la chupa. Ukikichomoa kwa nguvu utavunja ama plastiki ama mdomo wa kioo, na vyote viwili huonekana kwa macho.

Wazo lenyewe si la jana. Mwishoni mwa karne ya 19 wavumbuzi wa Marekani waliandika hataza nyingi za chupa isiyojazika tena, nyingine zikiwa na vipande vingi mno kiasi kwamba hakuna kiwanda ambacho kingezitengeneza kwa faida. Nchi hiyo ilipomaliza marufuku ya pombe mwaka 1933, serikali ilitumia njia nyingine: tangu 1935 hadi 1964 chupa za pombe kali zilitakiwa kuandikwa kwenye kioo chenyewe kwamba sheria inakataza kuziuza au kuzitumia tena. Leo kazi hiyo inafanywa na plastiki inayomiminwa kwenye kalibu kwa maelfu. Kampuni ya Guala ya Alessandria, Italia, ni mojawapo ya majina makubwa katika biashara hii.

Gololi shingoni nayo ina historia yake pembeni. Mwingereza Hiram Codd alisajili mwaka 1872 chupa ya soda ambayo gesi ya kinywaji chenyewe husukuma gololi juu na kuziba mdomo kutoka ndani. Bado inauzwa India. Lakini ile gololi inazuia gesi isitoke, na chupa yake ilitengenezwa ijazwe tena na tena. Vifaa viwili vyenye gololi, kazi zinazopingana.

Turudi kaunta. Kwa adui wa kwanza vali ya gololi ndiyo kizuizi bora kuliko vyote ninavyovijua, kwa sababu ndiyo pekee inayoendelea kufanya kazi baada ya chupa kufunguliwa. Pete, foili na stempu zote zinamaliza kazi siku ya kwanza. Chupa ya toti hukaa wazi kaunta kwa siku au wiki, na ni katika siku hizo ndipo uchakachuaji hufanyika. Adui wa pili naye inamsumbua: ili aitumie chupa yako tupu lazima kwanza akitoe kidude bila kuvunja shingo, kisha apate kingine kipya kinachofanana nacho. Anaweza, lakini gharama na muda vinamla, na wengi wao huhamia chupa rahisi zaidi.

Isichokiweza ni hiki. Vali inalinda chupa, hailindi glasi. Mhudumu akitaka anaweza kukuletea toti iliyopimwa nyuma ya pazia kutoka chupa nyingine kabisa. Ndiyo maana mimi nikiagiza, naomba imiminwe mbele yangu.

Kisha kuna suala la sukari, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Vinywaji vikali visivyo na sukari havina shida. Vile vitamu vya kahawa, tangawizi au matunda hukauka kwenye kimdomo, na sukari iliyokauka huigandisha gololi. Mama mmoja mwenye grosari Mafinga alinipigia simu kwa sababu hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi chupa za yule kijana uliyemuuzia midomo zinanichelewesha. Mteja anataka toti, mimi nimesimama natikisa kama napiga kayamba."

"Usitikise mama. Inamisha moja kwa moja mpaka shingo ishuke chini ya kitako, subiri kidogo, itaachia yenyewe."

"Ile nyeupe inaachia. Ile ya kahawa haitaki."

"Ya kahawa ina sukari. Asubuhi kabla ya kufungua, futa mdomo kwa kitambaa chenye maji ya moto."

"Haya. Lakini mwambie kijana wako ile ya kahawa aiwekee kifuniko cha kawaida. Mimi sina mtu wa kufuta midomo ya chupa kila asubuhi."

Nilimwambia, na ndivyo alivyofanya. Ushauri wa mama yule sasa ndio ushauri wangu: kinywaji chenye sukari nyingi hakihitaji gololi. Mvinyo wa matunda wenye nyama nyama za tunda vilevile, maana chembe moja ikikaa kwenye kiti cha vali, vali haifungi tena.

Vali ya ulimi

Ndugu yake wa bei nafuu. Badala ya gololi kuna ulimi mwembamba wa mpira au silikoni unaofunguka kwenda nje tu. Unamimina haraka na haugomi, na wahudumu wanaupenda. Mimi siupendi sana. Ulimi huchoka, hubaki umeinuka kidogo, na mtu mwenye kijiti chembamba anaweza kuushikilia wazi huku anamimina. Kama mpira wake haupatani na kinywaji chako utavimba, na ulimi uliovimba haukai vizuri. Kabla ya kununua, tumbukiza ulimi mmoja kwenye kinywaji chako kwenye glasi yenye kifuniko, uache wiki kadhaa, uulinganishe na mpya. Nauza, lakini kwa mafuta zaidi kuliko kwa pombe: kwenye mafuta kazi yake kubwa ni kuzuia kumwagika, na hilo inalifanya vizuri.

Kuna jamii nyingine ya vali hizi ambayo mafundi friji wanaijua. Mitungi ya gesi ya friji ya kutumia mara moja ina vali inayotoa bila kupokea, kwa sababu mtungi wake ni mwembamba na kuujaza tena ni hatari ya kulipuka. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mitungi hiyo mwaka 2007 kwa sababu ya gesi inayobaki ndani na kuishia hewani. Usiichanganye na mtungi wako wa kupikia, ambao umetengenezwa ujazwe, ila na mwenye leseni.

Pete ya kukatika

Hiki ndicho kifuniko cha alumini kinachokrak ukikizungusha. Mashine hukikandamiza juu ya shingo na magurudumu madogo hukichoresha nyuzi zifuate za kioo, kisha hukunja ukingo wa chini chini ya bega la shingo. Ukifungua, vidaraja vyembamba vinakatika na pete inabaki chini. Huwezi kuvirudisha. Chupa za plastiki za maji zina ndugu yake wa plastiki anayefanya kazi kwa namna ileile.

Kwa mnunuzi wa dukani ni ishara bora kabisa: haijafunguliwa, au imefunguliwa, hakuna katikati. Kwa chupa ya kaunta haina msaada baada ya toti ya kwanza. Kwa adui wa uani inategemea na wewe. Vifuniko vitupu vya alumini visivyo na maandishi vinauzwa wazi, na mashine ya mkono ya kufungia ni kitu cha kukaa juu ya meza. Ukitumia kifuniko kitupu cha dhahabu kama anachotumia kila mtu, yeye naye atatumia hicho hicho. Kifuniko kilichochapwa jina lako, kinachotoka kwa mtengenezaji mmoja kwa oda yako, ndicho kinachompa kazi. Kwa wengi wenu hapa ndipo hela inapoleta faida kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndipo wengi wanapobania.

Kivishio cha plastiki cha kupulizwa hewa ya moto

Dakika moja tu kwa hiki. Kinavutia, kinalinda vumbi, kinaonyesha kama kimechanwa. Lakini roli lake ananunua yeyote, na kipuliza hewa ya moto anacho hata fundi simu. Kikiwa kitupu kisicho na chapa, kihesabu kama urembo.

Foili ya ndani

Fungua chupa ya mafuta au dawa, ukute duara la rangi ya fedha limegandamana na mdomo. Hiyo ndiyo foili ya kuchomwa kwa sumaku-umeme. Inakaa ndani ya kifuniko cha plastiki. Mashine inapita juu bila kugusa, alumini inapata joto, na tabaka la plastiki chini yake linayeyuka na kushikana na mdomo wa chupa. Kifuniko lazima kiwe cha plastiki, maana cha chuma kitapata joto chenyewe badala ya foili. Kwenye chupa ya plastiki inashika bila taabu. Kwenye kioo unahitaji foili maalumu au mdomo uliotayarishwa, la sivyo inaachia.

Kwa asali na mafuta sioni kinachoishinda. Inazuia kuvuja njiani, inazuia hewa, na mnunuzi anaiona kwa macho yake. Kama pete, inakufa siku ya kufunguliwa. Lakini nani ananunua asali kwa toti?

Stempu

Tangu 2019 TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, inatumia stempu za kielektroniki kwenye pombe kali, mvinyo, bia na sigara, baadaye soda na maji, na mtu yeyote anaweza kuikagua kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu. Si kifuniko na wala si hiari, ila naitaja kwa sababu watu huichukulia kama kinga ya kilichomo. Inakuambia kwamba chupa hii iliingia sokoni kihalali. Haikuambii kilichoingia ndani yake baada ya kufunguliwa. Kama unatengeneza, ibandike mahali ambapo kufungua kifuniko lazima kuichane. Stempu nzima kwenye chupa tupu ni zawadi kwa mtu wa uani.

Kwa nini nasumbuka hivi na pombe kali

Kwa sababu ya methanoli. Haina rangi, na pua ya kawaida haiwezi kuitofautisha na pombe inayonyweka. Mililita 10 hivi zinaweza kupofusha, 30 zinaweza kuua, na dalili zake huchelewa kwa saa nyingi, mtu akadhani ni uchovu wa ulevi tu. Akianza kuona ukungu au theluji machoni, ni hospitali sasa hivi. Kifuniko hakimfanyi mtu awe mtengenezaji mzuri. Kinahakikisha tu kwamba alichokitengeneza ndicho kinachomfikia mnywaji.

Kuna jambo jingine kuhusu ukubwa wa chupa. Tangu Machi 1, 2017 viroba, yaani vipakiti vidogo vya pombe kali, vilipopigwa marufuku, soko la wenye hela ndogo limehamia kwenye chupa ndogo. Chupa ndogo ananunua mtu mmoja na kuimaliza papo hapo. Adui wa kaunta hana nafasi. Nikiulizwa kuhusu vali kwenye chupa ndogo nasema hapana, hata kama mteja ana hela. Pete iliyochapwa inatosha. Kinachobaki ni chupa tupu yenyewe, ambayo huku kwetu ina soko: inabeba mafuta ya taa, pilipili ya kusaga, asali ya kupima. Chupa yenye kidude cha gololi shingoni haifai kwa lolote kati ya hayo, na wakusanyaji wanaijua, wanaipita. Mwenye chapa anafurahi. Bibi aliyezoea kupata chupa ya mafuta ya taa hafurahi, na mtu wa kuchakata kioo naye ana plastiki, alumini na gololi za kutenganisha.

Mwinuko na baridi

Mambo haya huyakuti kwenye karatasi za wauzaji wa Dar es Salaam. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu asilimia 18. Chupa iliyofungwa Dar ikipanda Kitonga hadi Iringa na kuja huku, hewa iliyofungiwa ndani inasukuma nje. Foili inavimba, plastiki inakazana, na kifuniko kilichofungwa kivivu kinatoa machozi pembeni. Mzigo uliofungwa hapa ukishuka Kyela au Dar mambo yanageuka: chupa nyembamba ya plastiki inabonyea, na mnunuzi anadhani imechezewa. Kama soko lako liko chini, tumia plastiki nene kidogo au kioo.

Na msichanganye vali na kizibo cha kuzuia kuvuja. Gololi haishiki kitu chupa ikilala. Kinachozuia kuvuja safarini ni kifuniko cha juu na kipande laini kilicho ndani yake, hivyo mzigo wenye vali usafirishwe umesimama, na kabla ya kutuma shehena weka boksi moja kwenye basi la kwenda na kurudi uone linarudije.

Baridi nayo. Asali huganda haraka zaidi kwenye nyuzi joto 14 hivi, na kati ya Juni na Julai nyumba nyingi za Njombe, Makete na hata hapa Mbeya ziko hapo au chini zaidi. Mafuta ya parachichi nayo hupata ukungu na kuwa mazito. Kidude chochote chenye njia nyembamba kitaziba. Kwa asali nataka mdomo mpana unaoingia kijiko.

Basi, kwa chupa yako

Pombe kali isiyo na sukari, mzinga wa mililita 750, inayoelekea baa na grosari: vali ya gololi ndani, kifuniko cha pete kilichochapwa juu yake. Huu ndio mchanganyiko pekee ambao nadhani unastahili bei ya vali, ambayo ni mara kadhaa ya kifuniko cha kawaida. Kama bado unauza kidogo na hela inatosha kitu kimoja tu, chapa kifuniko kwanza, vali ije baadaye.

Pombe kali ileile lakini inayouzwa madukani watu wakaondoka nayo nyumbani: pete iliyochapwa. Nyumbani kwake mtu hachakachui kinywaji chake mwenyewe.

Mvinyo wa matunda: pete. Ukishafunguliwa unaanza kuharibika kwa hewa, na chupa inaisha ndani ya siku chache.

Asali: plastiki au kioo cha mdomo mpana, foili. Ila tuambiane ukweli, asali huchakachuliwa kwa maji ya sukari kabla ya kufika kwenye chupa, na hilo halizuiwi na kifuniko chochote. Wanaokuja na asali ya Mufindi wakitaka "sili kali" wakati wananunua kwa madumu kutoka kwa watu wasiowajua, nawaambia waanzie kwenye madumu.

Mafuta ya alizeti ya chupa ndogo: foili, na vali ya ulimi kama unataka mama jikoni asimwage. Dumu la lita 5 au 20: pete ya plastiki na foili, basi. Dumu tupu litatumika tena na kila mtu na huwezi kumzuia. Weka jina lako kwenye plastiki yenyewe badala ya karatasi inayobanduka, na usinunue madumu yaliyotumika.

Maji: kifuniko cha milimita 28 chenye pete, na uandike kwenye lebo kwamba chupa ikandamizwe baada ya kutumika.

Ulanzi, pombe ya mianzi, wananiuliza kila masika. Ulanzi hauzibwi. Unaendelea kuchacha ukiwa kwenye chupa, na chupa uliyoifunga kwa ustadi ndiyo itakayopasuka mapema. Mwenye mpango wa kuuza ulanzi wa chupa aanze na namna ya kuusimamisha usichache, na hapo anahitaji mtaalamu wa vyakula kuliko mimi.

Ukiwa tayari kununua

Pima shingo kabla ya kupiga simu. Kwa mvinyo na pombe kali kipimo kimoja utakachokutana nacho sana ni 30 kwa 60, yaani milimita 30 za kipenyo na 60 za urefu wa kifuniko. Lakini chupa mbili za 30 kwa 60 zinaweza kutofautiana ndani ya shingo, na vali inaingia ndani. Pima kipenyo cha ndani kwa venia, kile kipimo cha taya cha mafundi, kwenye chupa kadhaa za shehena ileile, maana kioo cha bei rahisi hupishana chenyewe kwa chenyewe. Shingo likiwa pana kidogo kuliko kidude, meno hayang'ati, na mtu atakichomoa kwa vidole. Likiwa dogo, utapasua shingo wakati wa kukisukuma.

Oda za vali huuzwa kwa maelfu. Usikubali kulipia maelfu kabla ya kupata sampuli na kuzifunga kwenye chupa zako, kwa mashine yako. Zijaze kinywaji chako, si maji. Jaribu kuzijaza tena kwa faneli, zikiwa zimesimama na zikiwa zimeinama nusu. Vali nzuri inakataa kujazwa katika mkao wowote ambao kinywaji bado hakijaanza kutoka. Mpe kijana mjanja wa mtaani chupa moja, waya na jioni nzima, umwahidi soda akifaulu. Kama hujui pa kupata mashine ya kufungia ya kuanzia, ulizia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkoani kwako kabla ya kuagiza nje.

Na muuzaji akikutumia vali peke yake, mwambie akutumie pamoja na chupa ambayo inatengenezewa. Akishindwa kukutajia chupa hiyo, bado hajui anachokuuzia.